Namba ya Bluu ya Mzee Tong

"Tabasamu, Mama," Zheng alisema. "Wasije wakadhani tumekulazimisha."

"Kwani hamjanilazimisha?" Bi Guirong akauliza.

Walikuwa nje ya ofisi ya ndoa, Beijing, asubuhi ya baridi kali. Bi Guirong, mjane wa miaka sitini na sita, alikuwa amevaa sweta jekundu la mkwewe Yafei, mke wa Zheng. Bwana harusi, Mzee Tong wa ghorofa ya chini, alikuwa anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Zheng hakuwahi kumpenda Mzee Tong. Alishampiga marufuku mama yake kucheza naye dansi bustanini jioni, maana majirani wana midomo. Siku mzee alipopanda ngazi na maandazi yake ya mvuke kuja kuposa, Zheng alimjibu mlangoni kwamba mama yake si wa kuolewa tena, akamrudishia na maandazi. Leo alikuwa anamnyooshea kola ya shati.

Shida ilikuwa gari. Kwetu gari unaweza kulinunua hata kesho, ila namba ya kuliendeshea huipati dukani. Namba za bluu, za magari ya petroli, hutoka kwa bahati nasibu, na wako watu wamezeeka wakiisubiri. Za kijani, za magari ya umeme, ni kwa foleni. Zheng alikuwa ameisotea foleni ya kijani miaka saba. Kazini kwake kulikuwa kumehamia nje ya mji, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, na binti yake alimwona baba macho Jumapili tu. Zamu yake ilikuwa ifike mwezi wa tano.

Mwezi wa tatu mama yake aliazima simu yake atazame video za dansi. Alipoirudisha, jina la Zheng lilikuwa limeshahamishwa kutoka foleni ya kijani kwenda bahati nasibu ya bluu. Ukihama hivyo, nafasi yako imekwenda. Ukitaka kurudi, unaanzia mkiani.

Zheng alitaka kuipasua simu ukutani. Lakini mama alilia mpaka akashindwa kula, akalala akilia, akaamka akilia, ikabidi mwenye hasara ndiye ambembeleze.

"Basi, Mama. Vitufe vyenyewe vidogo. Angekosea mtu yeyote."

Ilibaki njia moja. Namba huweza kuhama kutoka kwa mume kwenda kwa mke, ndoa yao ikishatimiza mwaka, na gari la mama mtoto anaruhusiwa kuliendesha. Mji huu umejaa ndoa za namna hiyo. Na katika jengo lao zima, mwanamume asiye na mke aliyekuwa na namba ya bluu alikuwa mmoja tu.

"Yule siwezi," Bi Guirong alisema. "Anakoroma."

Zheng alikuwa na haraka, hakuuliza amejuaje. Walimsihi, yeye na Yafei, mpaka mama akainamisha kichwa. Kisha Zheng akashuka ghorofa ya chini kumwomba mzee radhi. Mzee Tong alimwambia atafikiria.

Sasa karani aliwatazama wote wawili. "Mnaoana kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari," Mzee Tong alijibu upesi.

Bi Guirong alimgeukia mwanawe. Zheng aliitikia kwa kichwa, uso mzima ukimwomba.

"Kwa hiari," mama akasema, kama mtu anayenyweshwa dawa chungu.

Mihuri ikagongwa. Nje, Zheng alimkumbatia mama yake. Alimwonea huruma kwelikweli, na aliona aibu.

"Mwaka mmoja tu, Mama. Ila lazima mkae pamoja, wasije wakatushuku. Nguo zako nimeshazishusha kwake."

"Nitavumilia, mwanangu. Kwa ajili yako."

Zheng akapangusa macho, akakimbilia basi lake la kwanza. Maharusi walisimama wakimpungia mkono mpaka basi likapotea.

"Guirong," Mzee Tong akasema, "ile siku ya simu, kitufe kilikusumbua sana kukipata?"

"Kitufe nilikiona mara moja," bibi harusi alijibu, akimshika mkono. "Kilichonitoa jasho ni kulia."