Sauti Inayosoma Matokeo

Miaka hiyo serikali ilizungumza na kila raia kupitia simu, kwa sauti ya mtu aliyemwamini kuliko wote. Kwa Nakunda, ilikuwa sauti ya marehemu mumewe.

"Mama Tumsifu," simu ilisema yeye na binti yake wakiwa wanakula, "kura zimehesabiwa salama. Diwani wetu ameshinda tena."

Nakunda alitabasamu. Alikumbuka zamani walivyokwenda pamoja kusoma karatasi ya matokeo iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule. Mumewe alijumlisha kura kwa kidole, akarudia, ndipo akasema, "Haya, sasa naamini."

"Mtaa mzima tulimkataa huyo diwani," alisema binti yake, Tumsifu. "Weka saini kwenye pingamizi, mama. Imebaki moja tu, na mwisho ni leo saa kumi."

"Nimpinge baba yako?"

"Baba mwenyewe angekwenda ukutani."

"Siku hizi ukutani hawabandiki kitu, mwanangu."

Hata hivyo alifumba macho, akamwomba Mungu, akashika kalamu. Hapo simu ikamwita taratibu, kwa jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu, na ambalo Nakunda hakupata kumwambia mtu yeyote.

Nakunda akaweka kalamu chini.

"Abee," akaitika.