Vifungo Vinne Katika Mia

Muuguzi alimwaga vifungo vyeupe juu ya meza ya cherehani, akahesabu mia moja, vilivyozidi akavirudisha koponi.

Mama mwenye cherehani alimtazama, utepe wa kupimia shingoni. Mjukuu wake wa miezi miwili alikuwa amelala chumba cha pili, mzima wa viungo vyote. Mwanawe alisimama mlangoni. Tangu amzike mkewe, wiki sita sasa, hakai chini. Anasema akikaa anasikia maji yakimwagika bafuni, kama asubuhi ile. Mama naye huyasikia, ila hajamwambia mtu.

Muuguzi alikuwa ameleta majibu ya maabara. Marehemu aliangushwa na kifafa, na kifafa hicho hakikuwa kimemgusa kwa miaka tisa. Katika damu yake hawakukuta dawa hata chembe. Alikuwa ameiacha siku nyingi.

"Hakuacha," mume akasema. "Nilimwona akimeza kila asubuhi. Nilikuwa namtania kwamba anameza kama kuku na punje ya mahindi."

Muuguzi akasema wengine hukificha kidonge chini ya ulimi, mume akigeuka wanakitema. Woga wa kumdhuru mtoto tumboni huo. Hakuja kumlaumu marehemu, ila alitaka kujua nani alimtia hofu, maana mtaani kuna wajawazito wengine wanaoitumia dawa hiyohiyo.

"Muuza dawa wa pale kona," mama akasema polepole. "Alisema kwa dawa ile, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro inapanda asilimia mia moja. Mia, mwanangu. Hapo kuna mtoto wa kubaki?"

Muuguzi hakucheka. Alivuta vifungo viwili pembeni.

"Mama, hakudanganya, ila hakumaliza. Wasiomeza dawa hii, katika watoto mia, wawili huzaliwa na kasoro." Akaongeza viwili vingine. "Wanaomeza, wanne. Wawili wakiwa wanne, hiyo ndiyo nyongeza ya asilimia mia moja. Hawa tisini na sita wote wazima."

Kisha akavirudisha vyote pamoja, akavigawa katikati kwa kiganja. Mgonjwa kama marehemu akiacha dawa, akasema, uwezekano wa kifafa kumrudia ni asilimia hamsini. Nusu ya meza.

Mama aliitazama ile nusu. Akaokota vifungo viwili, akavishika kama vina moto.

"Vilivyoongezeka ni viwili tu?"

"Viwili tu, mama."

Mwanamume alijifunika uso. Alisema mkewe angemwambia tu, wangekaa wakazungumza, lakini kumficha miezi yote ile, mtu wanayelala kitanda kimoja, hilo hatamsamehe.

Mama alivirudisha vile vifungo viwili mezani, kimoja kimoja.

Ni yeye aliyevimwaga chooni vidonge vya hospitali, akajaza vya vitamini kwenye chupa ileile, na kila asubuhi akampelekea mkwewe kimoja, pamoja na kikombe cha maji. Binti wa watu alimeza bila kukosa hata siku moja, akasema, "Asante, mama."