Kibano cha Nyusi

Pini iliruka kutoka mezani ikang'ang'ania ncha ya kibano, na moyo wa Mama Gundi ukalipuka paa!

Jina hilo alibandikwa pale maabara kwa sababu kutwa kucha alibandua fuwele kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, mpaka ibaki nyembamba kuliko utando wa buibui. Fuwele yenyewe haikuwa na usumaku. Watafiti walitaka kuutia usumaku huo kwa umeme, na umeme ukizimwa, utoweke.

Asubuhi hiyo kibano cha plastiki kilivunjika. Kwa papara akachomoa mkobani chake cha nyusi, cha chuma, akaishika fuwele, akawasha umeme bila kuipima kwanza kama ilikuwa bado haina usumaku. Mstari wa kipimo cha usumaku ukapanda kwenye kioo cha kompyuta. Profesa, mkuu wa maabara, akatoka mbio kuwaita wageni waliokuja kutembelea, na sasa sauti yake ilitamba koridoni: "Imekubali! Njooni mjionee wenyewe!"

Mama Gundi akakaa, akasimama, akakaa tena. Kama usumaku ni wa umeme, akizima utakwisha. Kama ni wa chembe za chuma cha kibano zilizonata kwenye fuwele, utabaki palepale.

Akazungusha swichi hadi sifuri.

Mstari haukushuka hata kidogo.

Mlango ukafunguka, wageni wakajaa chumbani. "Si mnaona?" Profesa akapiga makofi. "Hautikisiki! Haya mama, waeleze."

Akainua kibano. Pini bado ilikuwa inaning'inia.

"Profesa," alisema, "umeme nimeshauzima."