Tabia ya Kumtaja Mwenye Kazi

Ofisini kwao, tabia za mfanyakazi hodari zilinakiliwa na kupandikizwa kwa bosi. Mara tatu bosi wao, Mkwizu, alipandikizwa bidii ya Kibibi, akala sifa peke yake. Safari hii Kibibi alimwekea mtego. Siku arobaini, kila yeye mwenyewe aliposifiwa, alisimama akamtaja aliyefanya kazi, mpaka ikawa tabia.

Mkwizu akapandikizwa tena tabia za Kibibi, akasifiwa mbele ya wakurugenzi. Akajikuta amesimama wima.

“Kazi zangu zote kafanya Kibibi.”

Alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

“Mwosha huoshwa!” Kibibi alicheka njia nzima.

Nyumbani mumewe alikuwa amempakata mtoto. “Mke wangu, mwanetu umemlea vizuri.”

Kibibi aliuma meno, lakini miguu ilishasimama.

“Kamlea Mwantumu, dada wa kazi.”

Mtoto akaitikia, “Kweli, baba.”