Paanga Mia Saba

Saa nne asubuhi, Jumapili ya sadaka kuu kanisani Neiafu, mji wa bandari kisiwani, karani alianza kusoma kwa sauti kiasi cha paanga, fedha ya huko, kilichotolewa na kila familia.

Mkuu wa bandari, ambaye Losaline alikuwa akikagua hesabu zake, alimwinamia kutoka benchi la nyuma akiwa na bahasha nene.

"Binti, mshahara wa mkaguzi wa serikali haulishi hata nguruwe wangu. Pokea, usimwaibishe mama yako."

Losaline aliisukuma bahasha. "Nguruwe wako tutawazungumzia kesho, mzee. Nimewakuta kwenye hesabu za bandari."

Karani alifika kwa familia ya Losaline, akasoma: paanga mia saba. Hakuna familia iliyotoa kidogo hivyo. Kicheko kilipita kwenye mabenchi.

Mama yake alisimama, akaweka sawa mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni kwa ajili ya ibada.

"Karani, rudia. Huo ni mshahara mzima wa binti yangu wa wiki mbili, na hamna senti ya mtu ndani yake."

Karani alirudia, safari hii kwa sauti ya juu.