Nguzo na Boriti

Mhandisi alikuwa amefika nchi ya tatu katika maelezo yake, na chai yake ilikuwa imepoa.

Alikuja kuomba mke. Mchumba wake alilelewa na shangazi, fundi wa nguo, na leo neno la mwisho lilikuwa la shangazi huyo. Aliwaandalia chai juu ya meza yake ya kazi, kitambaa kikishuka mpaka sakafuni. Kosa lake ni moja: alimuuliza mgeni kazi yake. Mgeni akafungua begi, akatoa ripoti nene kama tofali. Alikuwa amelinganisha kanuni za nchi tatu za kujenga maghorofa ya zege yanayohimili tetemeko.

"Nchi ya kwanza inataka ringi za nondo zinazoifunga nguzo zikaribiane kileleni na kwenye kitako. Ya pili inaziachia nafasi. Vichekesho! Ya tatu inataka ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani, zisifunguke nyumba ikitikisika."

"Chai, jamani," mchumba wake alinong'ona.

"Ila zote zinaafikiana kwa jambo moja, shangazi. Boriti ndiyo ilegee kwanza. Nguzo isimame mpaka watu wote watoke."

"Alaa!" Shangazi alivua kandambili, akasogeza kiti. "Na wewe kwenye nyumba yako utakuwa nini? Boriti?"

"Mimi?" Alitunisha kifua. "Mimi nguzo! Dunia ipasuke, hapa sibanduki."

Vikombe vikaanza kugongana. Kijiko kikacheza, kikaanguka. Mngurumo ukatoka chini, meza nzima ikatetemeka.

Kufumba na kufumbua, nguzo ilikuwa barabarani, soksi tupu, imekumbatia ripoti.

"Tetemeko! Tokeni nje!"

Jirani aliyekuwa akianika nguo alimtazama, akaendelea kuanika.

Hapo ndipo mhandisi alipokumbuka kwamba alikuwa na mchumba. Akarudi akinyata, akachungulia dirishani. Binti alikuwa amekaa palepale, ameinamia kikombe, mabega yakimtikisika.

"Usilie, mpenzi!"

"Nani analia?" alijibu shangazi. "Ingia, boriti, tupange siku ya harusi. Nguzo tunayo tayari."

Akamwelekezea mpwa wake kidevu, kisha akainua kitambaa cha meza. Miguu yake mitupu ilikuwa bado inakanyaga cherehani.