Fundo la Tatu

Hebu niambie, nani kakudanganya kwamba uzi unafikiri? Hata ule wa DNA, ndani ya chembe za mwili wako, husubiri protini zije zikae juu yake. Nani kakaa na nani hakukaa, hilo ndilo jibu lake.

Mchwa na Sisimizi walikuwa na uzi wa namna hiyo, wenye mafundo matatu, kwenye mlango wa ghala lao. Wao wawili wakikalia mafundo yao, mlango ulifunguka. Konokono akikalia la tatu, lililokuwa nyuma ya jiwe, haukufunguka kamwe. Kazi yake ilikuwa kulikalia wakati wa mvua tu, maji yasiingie.

Mvua ikakatika. Watoto wa Mchwa wakalia njaa. Mchwa akakaa, Sisimizi akakaa, mlango kimya.

"Shemeji, umekaa vizuri kweli?" Mchwa akauliza.

"Nikae vipi tena? Unataka nitage?"

Nyuma ya jiwe Konokono akakohoa kisomi. "Msiusumbue. Uzi unatafakari."

"Basi tungoje," Sisimizi akanong'ona. "Mwalimu keshasema."

Wakangoja siku tatu. Siku ya nne Mchwa alizunguka jiwe, amembeba mwanawe wa mwisho, ambaye hakuwa akilia tena.

"Mwalimu, uzi bado unatafakari?"

Konokono akamtazama mtoto, kisha akatazama alipokaa.

"Uzi hautafakari, mama. Ni mimi. Mvua ilipokatika sikushuka, nilisinzia hapa hapa. Na nilipowasikia mkihangaika, nikaona haya kusema."